Feni kunguruma si ushahidi kwamba kabati linavuta: jibu kwa aliyeuliza kuhusu fyumu hudi ya maabara yao

Mkuu, umeuliza hivi: kabati lenu la kuvuta mvuke wa kemikali, yaani fyumu hudi, feni yake inasikika vizuri kabisa, lakini mkichemsha sampuli kwa asidi harufu inawafikia mkiwa mmesimama mbele yake. Kuna aliyewashauri muweke feni ya mezani isaidie kuusukuma mvuke ndani. Tafadhali hiyo feni ya mezani iondoeni leo hii. Sababu nitaitoa chini, ila nianze na yaliyotukuta sisi, maana nahisi ndiyo hayohayo yenu.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kupima madini huku Kanda ya Ziwa. Kila siku tulikuwa tunayeyusha unga wa mawe kwa akwa rejia, yaani asidi ya haidrokloriki sehemu tatu na ya naitriki sehemu moja, juu ya hotipleti. Mchanganyiko huo ukipata moto hutoa moshi wa rangi ya kahawia wenye naitrojeni daioksaidi. Ubaya wa moshi ule ni kwamba mtu anaweza kuuvuta, akakohoa kidogo, akarudi nyumbani, akala na kulala, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Kwa hiyo mtu akiuvuta, mpelekeni hospitali hata kama anasema yuko sawa, na daktari aambiwe ni moshi gani.

Siku moja mota ya feni yetu iliungua. Fundi akaishusha kutoka juu ya paa, ikaenda kusukwa, ikarudishwa. Tulipowasha ikanguruma, basi tukaendelea na kazi. Siku ya pili wenzangu wawili wakaanza kulalamika kwamba koo linawasha. Tukailaumu asidi ya chupa mpya. Tukapunguza idadi ya bika, yaani vikombe vya kuchemshia sampuli, kwenye hotipleti, hali ikawa ileile. Jioni moja nikasimama pembeni ya kabati, nikawa natazama bika moja tu. Moshi wa kahawia ulipanda, ukafika karibu na kioo cha mbele, ukasita pale, halafu ukajikunja na kutoka taratibu kwenye kona ya kushoto chini ya kioo. Ulikuwa unatoka pale pale ambapo mtu huinamisha kichwa anapoongeza asidi.

Nikachana kipande chembamba cha toileti pepa nikakibandika kwenye ukingo wa chini wa kioo. Kabati likiwa zima, kipande hicho huvutwa kikaelekea ndani na kubaki hivyo hivyo. Chetu kilining'inia tu, kikitikisika kila mtu alipopita nyuma yangu. Tukaazima kipima kasi ya upepo, kikasoma mita 0.2 kwa sekunde. Kinachotafutwa kwa kawaida ni karibu mita 0.5, na maabara nyingi hukubali kati ya 0.4 na 0.6.

Nikapanda paani na fundi umeme. Kwenye gamba la feni palikuwa na mshale uliofunikwa na vumbi. Tukaufuta, tukazima feni, tukatazama gurudumu linavyopunguza mwendo hadi kusimama. Lilikuwa linazunguka kinyume na mshale. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Pangaboi likizunguka kinyume utajua mara moja, kwa sababu upepo unageuka. Lakini feni hizi za maabara zenye gurudumu ndani ya gamba lililojikunja kama konokono hazigeuzi upepo. Zinaendelea kutoa hewa upande uleule, ila kwa nguvu ndogo sana, na mngurumo upo palepale. Mota ilikuwa ya fezi tatu na wakati wa kuirudisha nyaya mbili zilipishana. Fundi alizibadilishana mbili hizo, na tuliposhuka kile kipande cha karatasi kilikuwa kimevutwa ndani.

Kwa hiyo mkuu, swali langu la kwanza kwenu: mota yenu iliguswa lini mara ya mwisho? Kama iliguswa na harufu ikaanza baada ya hapo, anzieni kwenye mshale.

Kama mzunguko uko sawa, tazameni mkanda wa feni kama umelegea au unateleza. Kisha fuateni bomba lote kwa macho. Bomba la bati huliwa na mvuke wa asidi kuanzia ndani, nje likaonekana zima mpaka ulibonyeze kwa kidole. Feni ikiwa paani, tundu kwenye bomba hufyonza hewa ya darini badala ya hewa ya kabati, na nguvu ya kuvuta inapotea. Feni ikiwa imefungwa darini, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tundu lililo kwenye bomba linalotoka kwenye feni kwenda nje humwaga mvuke ndani ya dari, juu ya vichwa vyenu. Halafu angalieni mwisho wa bomba. Watu hupenda kulivika kofia ya bati kuzuia mvua, na kofia hiyo huurudisha mvuke chini, kwenye madirisha. Bomba liende juu wima, angalau mita 3 juu ya paa, na maji ya mvua yatafutiwe njia nyingine ya kutokea.

Sasa feni ya mezani. Hewa inaingia kwenye kabati kwa mita 0.5 tu kwa sekunde. Mtu akipita kwa mwendo wa kawaida anazidi mita 1. Kama mpita njia anaweza kuutoa mvuke nje, feni ya mezani itafanya nini? Hata kiyoyozi kinachopuliza kuelekea kabati, pangaboi lililo karibu, au mlango unaofunguliwa kila dakika huharibu. Sisi tulizima pangaboi la upande ule kabisa, joto tukalivumilia. Kwa upande mwingine, msifunge chumba kikawa kama chupa, kwa sababu hewa inayotolewa na kabati lazima ipate pa kuingilia.

Kuhusu namna ya kufanya kazi, bandikeni utepe wa rangi ndani ya kabati, sentimita 15 kutoka kwenye kioo, na kifaa chochote chenye mvuke kikae nyuma ya utepe huo. Kioo kishushwe kadiri mikono inavyoruhusu, na kichwa kisiingie ndani hata kwa sekunde ya kusoma alama. Na chupa! Nimeona makabati yamegeuzwa stoo. Ubao wa nyuma una mipenyo, na hewa hupita kwenye mipenyo hiyo. Ukiiziba kwa chupa umeliua kabati bila kugusa feni. Kifaa kikubwa kama hotipleti kiinueni sentimita 5 hivi juu ya vigingi ili hewa ipite chini yake.

Umeme ukikatika, teremsheni kioo hadi chini, zimeni hotipleti kwenye swichi, tokeni. Tulijifunza hilo vibaya: jenereta ilipowaka, taa na hotipleti vilirudi, kumbe feni haikuunganishwa kwenye laini ya jenereta. Asidi ikaendelea kuchemka ndani ya sanduku lisilovuta. Hakikisheni yenu imeunganishwa, na msikubali maneno tu, jaribuni mkiwa hamna sampuli ndani.

Asidi ya perkloriki ya moto msiitumie kabisa kwenye kabati la kawaida. Mvuke wake huganda ndani ya bomba na kuacha chumvi ambazo zinaweza kulipuka fundi akigonga au akifungua skrubu, hata miaka baadaye. Inahitaji kabati lake lenye mfumo wa kuosha bomba kwa maji. Na kwa wenzetu wa hospitali waliochangia humu: kabati la usalama wa kibaolojia silo hili. Chujio lake la hepa hukamata vijidudu na vumbi, mvuke unapita, na mengi ya makabati hayo hurudisha hewa chumbani.

Fundi atakapopanda, kazi zote zisimame, swichi ya feni ifungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao yeye mwenyewe huko juu. Mapema nilikuwa naona kibandiko cha "usiwashe" kinatosha, mpaka siku mtu alikitoa akidhani ni cha wiki iliyopita.

Kesho asubuhi, kabla ya asidi yoyote, bandikeni karatasi kwenye pembe mbili za chini za kioo na moja katikati, muwashe feni, kisha uniandikie hapa kila moja imeelekea wapi. Ukinipa hilo na tarehe mota ilipoguswa, nitakuambia muanzie wapi.