Mwaka wa Msalabani na Mwaka wa Kitabuni

SWALI: Babu yangu mzaa baba alizikwa kihambani (shamba la ukoo) kwetu Kibosho, Kilimanjaro, mwaka 1958. Msalaba wa kaburi lake unasema alizaliwa mwaka 1880, ilhali kitabu cha wafu cha parokia kinasema alifariki akiwa na umri wa miaka 60. Cheti cha kifo hatuna. Ninaandika historia ya ukoo wetu, nishike kipi?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza waulize wazee kaburi hilo lilijengewa saruji lini. Uchaggani makaburi mengi ya wazee yalikaa miaka mingi yakiwa tuta la udongo lenye masale (mmea wa heshima kwa Wachagga), mpaka watoto walipokutana Desemba fulani wakachanga fedha za kujengea. Mwaka uliochorwa kwa msumari kwenye saruji mbichi hutoka kichwani mwa mkubwa aliyekuwapo siku hiyo, naye huenda alikuwa mtoto mdogo babu alipofariki.

Kitabu cha wafu kiamini kwa tarehe ya kifo na ya maziko, kwa kuwa kwa kawaida huandikwa mara baada ya kuzika. Umri ni habari nyingine. Vitabu vya Kikatoliki vya enzi hizo viliandikwa Kilatini: obiit ni "alifariki", sepultus ni "alizikwa", na ukikuta circiter karibu na umri, maana yake ni "yapata", yaani padri mwenyewe alikuwa anakadiria. Kwa sasa andika kwamba alizaliwa kati ya 1880 na 1898, ukitaja kila mwaka umetoka wapi.

Kisha mwombe paroko akutazamie kitabu cha ubatizo, ukimpa jina la ubatizo la babu, kwa sababu jina la ukoo huenda halikuandikwa kabisa. Misheni ya Kibosho ilianza mwaka 1893. Babu akiwa alibatizwa mchanga, mwaka utaupata bila shida, lakini akiwa alibatizwa mtu mzima, utakutana na makadirio mengine. Soma pia maandishi ya pembeni, ambako ndoa huongezwa baadaye.

Kukosa cheti kusikutie shaka, kwani usajili wa vifo wakati wa mkoloni haukuwafikia Waafrika wengi wa vijijini.

Ambacho hukukitaja, nami ninakithamini kuliko msalaba, ni karatasi za misiba ya nyumbani. Tafuta historia ya marehemu iliyosomwa kwenye maziko ya baba yako na ya ndugu zake, maana humo hutajwa wazazi, mahali pa kuzaliwa na kanisa la ubatizo. Tafuta na daftari la rambirambi, lile la shule lenye mistari, ambalo katibu wa msiba aliandika majina na kiasi. Kwa kawaida liko sandukuni kwa shangazi, kwa kuwa rambirambi ni deni la kurudishwa. Ukikuta mstari kama "Wajomba, Uru", umepata upande wa bibi, ambao vitabu vya parokia huutaja kwa jina moja tu.