Starship au Blue Moon: tuanze na mafuta, urefu baadaye

Mkuu, umeuliza ipi bora kati ya Starship ya SpaceX na Blue Moon ya Blue Origin, vyombo viwili vya kutua Mwezini na watu, na kwa nini NASA isirudie tu chombo cha kutua cha Apollo, safari zake za zamani za Mwezini. Wengi hubishania urefu: Starship mita 50 hivi, Blue Moon 16. Mafuta ndiyo yaliyoamua hayo yote.

Mafuta ya Apollo yaliwaka yenyewe yakikutana, na yalikaa bila kuhitaji kupozwa sana. Valvu zikifunguka, injini imewaka. Ila nguvu yake kwa kila kilo ni ndogo, na chombo kile kilishusha watu 2 kutoka kilomita 110 tu juu ya Mwezi. Orion, chombo cha NASA kinachowabeba wanaanga kutoka Duniani, haina mafuta ya kushuka chini hivyo kisha irudi Duniani. Inabaki kwenye mzingo mrefu, yaani njia ya kuuzunguka Mwezi, wa siku 6.5 hivi, unaoiweka hadi kilomita 70,000 kutoka Mwezini. Umbali uliobaki, kwenda na kurudi, ni mzigo wa chombo cha kutua.

Starship inatumia methani na oksijeni. Methani huchemka kwenye nyuzi -162, oksijeni -183, kwa hiyo kuzitunza pamoja si kazi ngumu sana. Ugumu ni kwamba inafika kwenye mzingo wa Dunia matangi karibu matupu, na lazima ijazwe na meli nyingi za angani zinazobeba mafuta. Moja ikichelewa, yaliyokwisha kujazwa yanaendelea kugeuka mvuke. Tena pasipo uzito kimiminika huelea ndani ya tangi na bomba linaweza kuvuta gesi, ndiyo maana chombo husukumwa kidogo kwanza ili mafuta yatulie upande mmoja. Juu ya hayo, chumba cha wanaanga kiko juu sana, wanashuka kwa lifti. Ikikwama, lazima iwepo njia nyingine ya kupanda.

Blue Moon imechagua hidrojeni: nguvu zaidi kwa kila kilo, hivyo chombo cha tani 16 kikiwa kitupu kinajazwa na kuvuka tani 45 kidogo tu. Chumba kiko chini, karibu na ardhi, na hapo naipa alama nyingi. Lakini hidrojeni huchemka kwenye -253, hupenya vitundu vidogo kabisa na hudai matangi makubwa. Mitambo ya kuipoza ikizimika, safari iko hatarini. Na wanaosema Blue Moon haihitaji kujazwa angani wanakosea: inajazwa kwenye mzingo wa Mwezi, na chombo kingine cha usafirishaji.

Dynetics, kampuni nyingine iliyoshindania kazi hii, nao walikuwa na chumba cha chini, ila mwaka 2021 walikosa mkataba wa NASA, pamoja na mengine, kwa sababu hesabu ya uzito ilizidi uwezo wa chombo chao.

Kwa mizigo mikubwa nachagua Starship. Kwa watu wachache, Blue Moon, mradi hidrojeni yake ikae wiki kadhaa bila kugeuka mvuke.