Kuanza Uuguzi Ukubwani: Majibu kwa Barua Tatu

Barua zinazouliza kuhusu uuguzi hufika katika ukurasa huu kila mwezi, na zamani nyingi ziliandikwa na wahitimu wa kidato cha nne. Siku hizi naziona nyingine, zinazotoka kwa watu wenye kazi, wenye watoto, na wenye mashaka ya kweli. Nimechagua tatu, na nimeijibu ya kwanza kwa urefu kwa sababu waulizaji wengi wako katika hali inayofanana na ya mwandishi wake.

Swali

Shikamoo mama. Nina miaka 37, ninaishi Morogoro, na kwa miaka 11 nimekuwa keshia katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2006 nikapata Kiswahili B, Biolojia C, Historia C, Kemia D, Kiingereza D na Fizikia F. Nina watoto wawili, na mume wangu ni fundi umeme asiye na mshahara wa mwezi. Mwaka jana nilimuuguza mama mkwe aliyelazwa kwa kiharusi, nikajikuta kila siku ninawasaidia wauguzi kumgeuza na kumlisha, na tangu hapo sijaipenda tena kazi ya dukani. Ndugu wanasema umri umenitupa mkono. Chuo kimoja cha binafsi kimeniambia nilipe ada nianze, kwamba suala la Fizikia litarekebishwa baadaye. Je, nilipe?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Usilipe.

Sifa ya kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga nchini Tanzania ni kufaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na miongoni mwake lazima ziwemo Kemia, Biolojia, na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Kufaulu Hisabati na Kiingereza ni nyongeza inayompa mwombaji nafasi bora zaidi. D ni ufaulu, kwa hiyo Kemia yako inatosha na Biolojia yako ni nzuri, lakini F ya Fizikia inakufungia mlango, na hakuna mkuu wa chuo mwenye mamlaka ya kuufungua. Majina ya wanafunzi wanaodahiliwa katika vyuo vya afya huhakikiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, na asiyekuwa na sifa hatambuliwi hata akiwa ameshalipa ada na kushonewa sare. Nimewaona wanafunzi wakigundua jambo hilo baada ya kukaa darasani muhula mzima, na fedha iliyokwisha kulipwa ilikuwa ngumu kurudi. Anayekwambia kwamba Fizikia itarekebishwa baadaye anajua kuwa wewe ndiwe utakayebaki na hasara.

Njia yako ni kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa Baraza la Mitihani hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani hufanyika Novemba, na katika miaka ya karibuni matokeo yamekuwa yakitangazwa Januari, mapema vya kutosha kwa mtu anayesubiri dirisha la maombi ya vyuo. Unatafuta D tu. Hata hivyo usiidharau, kwa sababu uliachana na somo hilo miaka mingi iliyopita na hukulifaulu hata ulipokuwa unalisoma kila siku. Tafuta mwalimu wa tuisheni wa jioni, umlipe kwa mwezi, na ubaki kazini kwako mwaka huo wote. Ukipata nafasi, rudia na Hisabati. Watu hudhani uuguzi ni huruma na mikono safi, lakini muuguzi hupiga hesabu katika kila zamu. Daktari akiandika lita moja ya maji ya dripu iingie kwa saa 8, na mpira ulio mkononi mwako unatoa matone 20 kwa kila mililita, wewe ndiwe unayepaswa kujua kwamba ni matone kama 42 kwa dakika, na ukikosea kwa mgonjwa mwenye moyo dhaifu au kwa mtoto mchanga, kosa hilo halifutwi kwa kalamu nyekundu.

Sasa niuguse umri, maana ndugu zako wamekosea mahali pa kuuwekea hofu. Kuwa na miaka 37 hakukuzuii kudahiliwa chuoni. Utakaa na vijana wa miaka 19, watakuita mama au anti, na baada ya mwezi mmoja mtakuwa mnaazimiana madaftari. Utakachopata shida nacho zaidi kuliko wao ni Kiingereza cha vitabuni, kwa sababu masomo hufundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo, na mafaili ya wagonjwa pia huandikwa kwa lugha hiyo ingawa mazungumzo yote ya wodini ni ya Kiswahili. Anza kusoma sasa, kurasa chache kila usiku, kitabu chochote cha Biolojia ya sekondari kwa Kiingereza.

Umri unauma mahali pengine. Matangazo ya ajira ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari katika ajira ya Serikali. Ukiiweka hesabu hiyo kando ya nyingine mbili utaona zinavyoingiliana: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni hulipwa kwa aliyechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Anayeajiriwa akiwa na miaka 45 kamili ana muda huo na hana hata mwezi wa ziada. Kwako wewe, ukirudia Fizikia Novemba hii, ukaanza chuo mwakani ukiwa na miaka 38, utasoma miaka mitatu, kila mwaka ukipanda ngazi moja ya mafunzo ya ufundi (NTA), kutoka ya 4 hadi ya 6, na utamaliza ukiwa na miaka 41. Baada ya hapo kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kisha usajili na leseni, maana Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kufanya kazi hii kwa cheti cha chuo peke yake. Unabakiwa na miaka mitatu hivi ya kuomba ajira Serikalini. Inatosha, lakini ujue kwamba wahitimu ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, na wengi wao hujitolea hospitalini kwa posho ndogo huku wakisubiri. Kila mwaka utakaouahirisha sasa utaukata katika miaka hiyo mitatu.

Kuhusu fedha nitasema wazi, hata kama utasikitika. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada wa fani chache, afya ikiwamo, katika mwaka wa masomo 2023/24, lakini miongozo yake imekuwa ikimtaka mwombaji asizidi miaka 35. Wewe umeshavuka. Basi ada, chakula, nauli za kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, sare, bima ya afya na vitabu vyote vitatoka mfukoni mwenu, na katika miaka hiyo mshahara wako wa dukani hautakuwapo. Usitegemee kusoma huku unafanya kazi. Kozi ya mwanzo ya uuguzi ni ya kutwa, na wakati wa vitendo utapangiwa zamu za usiku na za mwisho wa juma kama waajiriwa. Ukiona tangazo la kozi ya uuguzi ya masafa, soma maandishi madogo: kwa kawaida kozi hizo ni za wauguzi wenye leseni wanaotoka astashahada kwenda stashahada. Kaeni wewe na mumeo na daftari, mwandike matumizi ya nyumba ya miezi 36 kwa kipato chake peke yake, mkianza na miezi ambayo yeye hupata kidogo. Kama hesabu haikubali, tumieni mwaka wa kurudia Fizikia kuweka akiba, na mwombe chuo cha Serikali kwanza, kwa kuwa kwa kawaida ada yake huwa nafuu.

Limebaki jambo moja, na kwangu mimi ndilo linalonipa mashaka kuliko Fizikia. Kumuuguza mama mkwe ni kumuuguza mtu mmoja unayempenda. Wodini utakuwa na wagonjwa 30, baadhi yao watakutukana, mmoja atafariki saa tisa usiku, na saa moja asubuhi utatakiwa kukabidhi zamu kwa maelezo kamili ya wale 29. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata senti, nenda kwa muuguzi mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu, au kwa hospitali ya misheni, uombe kujitolea siku zako za mapumziko: kutandika vitanda, kusukuma machela, kulisha wasio na ndugu. Hutaruhusiwa kugusa dawa, na ni haki. Kama baada ya miezi mitatu bado unaamka ukiwa na hamu ya kwenda, una jibu ambalo mimi siwezi kukupa.

Swali

Ni dereva wa lori wa miaka 43, makazi yangu ni Mbeya. Kidato cha nne nilifaulu sayansi zote, Fizikia nikiwa na C. Nimechoka na barabara na mgongo umeanza kuniuma. Je, mwanamume wa umri wangu anaweza kuwa muuguzi, na wagonjwa wanawake watanikubali?

Jibu

Ndugu yangu, wanaume wako katika uuguzi kwa wingi kuliko unavyodhani, na hakuna sheria inayokuzuia. Utasomea ukunga pamoja na uuguzi, na utazalisha chini ya uangalizi wa msimamizi. Mama anayejifungua ana haki ya kusema hataki mwanamume, nawe utatoka bila kununa na mwenzako wa kike ataingia. Nilichokiona ni kwamba uchungu ukikaza, wengi huuliza kama mkunga anajua kazi, hawaulizi ni wa jinsia gani. Baadaye unaweza kuvutiwa na idara ambazo wanaume wamezizoea, kama dharura, upasuaji, mifupa, na afya ya akili, ambayo hospitali yake ya taifa iko Mirembe, Dodoma.

Mgongo ndio unaonitia wasiwasi. Kumwinua mgonjwa wa kilo 90 kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia, ni kazi ya kiuno, na hospitali zetu nyingi hazina mashine za kuinulia. Pima mgongo kwa daktari kabla ya kufanya maamuzi, maana usije ukaukimbia usukani ukakutana na maumivu yale yale mahali pengine.

Kuhusu ajira, utamaliza ukiwa umevuka miaka 45, kwa hiyo usijidanganye na nafasi za Serikali. Wenye hospitali za misheni na za binafsi hawana sharti hilo, na wengi wao humpenda mtu mzima asiyehamahama. Kama mwajiri wako wa sasa amekuwa akikuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, michango hiyo haipotei: mwenye miaka minane ya uchangiaji tayari ana miezi 96, na akiajiriwa na hospitali ya binafsi ataendelea kuanzia hapo. Chukua taarifa yako ya michango kabla hujaacha kazi, wakati bado ni rahisi kumfuata mwajiri aliyeruka miezi.

Swali

Nina miaka 44 na ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeajiriwa na halmashauri. Nina sifa zote za kujiunga na uuguzi. Je, na mimi sharti la miaka 45 linanihusu?

Jibu

Mwalimu, wewe umo katika lile kundi la waliotajwa kwamba wapo kazini Serikalini, hivyo sharti hilo halikugusi ilimradi hujavunja ajira yako. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Ukijiuzulu ili ukasome, unakuwa mwombaji wa kawaida, na utahitimu ukiwa nje ya umri. Ukiondoka bila kibali, utahesabiwa mtoro kazini, na utoro hufukuzisha.

Mwandikie mkurugenzi mtendaji wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu na ofisa elimu, uombe ruhusa ya masomo ya muda mrefu, na useme bayana kwamba baada ya kuhitimu unakusudia kuomba kubadilishwa kada, yaani kutoka ualimu kwenda uuguzi. Usikubali ahadi ya mdomo. Uliza pia mshahara wako utakuwaje utakapobadilishwa, kwa sababu Afisa Muuguzi Msaidizi wa Daraja la II, cheo cha kuanzia cha mwenye stashahada, huanzia ngazi ya mshahara ya watumishi wa afya iitwayo TGHS B, na mwalimu mwenye miaka 20 kazini anaweza kuwa anapokea zaidi ya hapo. Ofisa utumishi wa halmashauri ndiye atakayekueleza kama utaruhusiwa kubaki na mshahara wako binafsi, yaani ule unaoupokea sasa. Barua hiyo ipeleke kabla halmashauri haijapanga bajeti ya mafunzo ya mwaka ujao wa fedha, unaoanza Julai, na ubaki na nakala yenye mhuri wa masjala.