Kabla Bendi Yenu Haijatia Sahihi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ongata Rongai aliniandikia kwamba bendi yao ya roki imepata mkataba na kampuni kubwa ya muziki, akaomba ushauri. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, kwa kuwa miaka saba iliyopita ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, alama za mshangao zikiwemo.

Albamu yetu ya kwanza tuliirekodi wenyewe katika chumba cha kulala huko Buruburu, magodoro yakiwa yameegemezwa dirishani ili yazuie kelele za Barabara ya Mumias South. Hayakuzuia kitu. Katika wimbo wa nne, gitaa linaponyamaza kabla ya kiitikio cha mwisho, inasikika honi ya matatu ikilia noti ileile aliyoishikilia mpiga besi, na kila tulipoupiga wimbo huo jukwaani mashabiki waliiimba honi hiyo kwa pamoja. Sifichi kwamba naijivunia hadi leo. Hakuna prodyusa ambaye angeweza kuipanga.

Kisha kampuni ikaja. Mnajua jinsi tunavyolelewa sisi watu wa roki: tulikuzwa na hadithi ya Nirvana, waliorekodi albamu yao ya kwanza kwa takriban dola 606, wakahamia kampuni kubwa, na kufikia Januari 1992 albamu yao Nevermind ikawa imeiondoa albamu ya Michael Jackson kileleni mwa chati ya Marekani. Hakuna aliyetusimulia habari za Jawbreaker, waliotoa albamu yao ya kwanza chini ya kampuni kubwa mwaka 1995, wakasusiwa na mashabiki waliowaona wasaliti, na wakasambaratika mwaka uliofuata. Tulitia sahihi tukiwa tumesoma kurasa mbili kati ya 23.

Tulipewa shilingi milioni moja, nasi tukaziita malipo, ilhali zilikuwa deni. Kwa kuwa mgawo wetu wa mirabaha, yaani fungu letu la mapato ya nyimbo, ulikuwa asilimia 15, na deni lilikatwa katika mgawo huo peke yake, nyimbo zetu zilipaswa kuingiza karibu shilingi milioni 6.7 kabla hatujaona senti moja. Tena deni lenyewe halikutulia: taarifa ya kwanza ya hesabu ilipofika, nilikuta humo nauli za teksi, koti la ngozi nililovalishwa siku ya picha, na ile pilau ya studio ambayo mpiga dramu wetu aliongezwa mara mbili, akamshukuru meneja kwa ukarimu wake. Someni mkataba.

Kuhusu albamu yetu ya pili, tuliyoitoa chini ya kampuni hiyo, sina mengi. Ilitoka, ikapigwa redioni kwa majuma kadhaa, na mama yangu aliisikia akiwa ndani ya matatu, akamwambia kondakta kwamba anayeimba ni mwanawe. Alilipa nauli vilevile. Kilichoniuma, na ambacho hakijaacha kuniuma, ni kifungu cha ukurasa wa 17, ambamo tuliikabidhi kampuni albamu ya Buruburu pia. Waliurekodi upya wimbo wa nne bila honi, kisha wakaiondoa rekodi ya zamani mtandaoni ili zisishindane. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo honi yetu itakuwa huru nikiwa nimepita miaka 75. Sheria hiyohiyo inataka hakimiliki ihamishwe kwa maandishi, maana yake hakuna aliyetunyang'anya kwa maneno matupu. Tuliipa kampuni wenyewe, kwa kalamu yetu.

Basi, vijana, someni mkataba, na mkishausoma mpeni wakili ausome, wala si binamu aliyesomea sheria kwa mihula miwili, kama tulivyofanya sisi. Ulizeni rekodi zitakuwa mali ya nani na kwa muda gani. Ombeni kutoa leseni ya miaka michache badala ya kuuza. Na msiwe na pupa: kundi la Sauti Sol walipojiunga na kampuni ya muziki ya Universal mwaka 2020 walikuwa wameimba pamoja kwa miaka ipatayo 15, na anayeingia katika ofisi hizo akiwa na mashabiki wake tayari hasikilizwi kama wanavyosikilizwa vijana wanne wasio na nauli ya kurudi nyumbani. Kizazi hiki kinapenda mno kuonekana. Mnapigwa picha mkiwa mmeshika kalamu kabla ya kujua kalamu hiyo imeandika nini, na nasema hivi nikiwa na picha kama hiyo ukutani kwangu.

Haya yote nilimwandikia kijana yule kwa kirefu, nikamwomba aje Jumamosi na kurasa zote, pamoja na viambatisho, tuzipitie. Alinijibu kwa adabu sana, akaniita kaka, akaeleza kwamba walikwisha kutia sahihi Ijumaa iliyotangulia, na kwamba ushauri aliouhitaji ulihusu mavazi ya siku ya picha.