Jibu: Makundi yetu Kisumu hayaelewani, tuanzie wapi?

Komredi, nimekusoma. Mko makundi matatu ya mrengo wa kushoto, moja linasukuma ardhi, jingine kodi, la tatu maji mtaani Nyalenda, na kila kikao kinaishia kwa kurushiana maneno. Inauma. Sisi huku Manyatta tulipoteza karibu mwaka mzima hivyo.

Kilichotuokoa ni kuweka kando ubishi wa itikadi. Tuliketi na akina mama wauza samaki wa soko la Kibuye, kila mtu akapewa punje tatu za mahindi aziweke kwenye sahani ya dai linalomkera zaidi. Sahani ya ada za soko ilifurika. Basi hilo likawa dai la wote, na mengine kila kundi likaendelea nayo kivyake. Yaandikeni mliyokubaliana, ukurasa mmoja unatosha. Hela zishikwe na wawili wa makundi tofauti, hesabu isomwe kila kikao. Kwetu pesa ilitenganisha watu kuliko siasa.

Mwanasiasa akija na fulana na nauli, mkatalieni mapema.

Mkiandamana, Kifungu cha 37 cha Katiba kinawalinda, ila polisi wapewe notisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Tafuteni wakili kabla ya siku yenyewe: aliyekamatwa kwa kawaida hufikishwa kortini ndani ya saa 24.