Mwalimu mkuu mpya, faili liache kabatini kwanza

Waaleikum salaam maalim, na hongera, japo najua pongezi unazipokea huku umeshika kichwa. Umeuliza uanzie wapi: umepewa skuli ya msingi yenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, walimu wanachelewa, na darasa la tano na la sita Hisabati imewashinda. Mimi kiti hicho nimekikalia miaka 11 huku kaskazini Pemba, na mwaka wa kwanza niliuharibu kwa mkono wangu.

Nilianza na makaratasi. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, na daftari la mahudhurio ambalo nikilipiga mstari mwekundu saa moja na robo. Mwalimu wetu mmoja wa Sayansi hakupita wiki bila ya kuangukia chini ya mstari. Nikamwandikia barua, kisha ya pili. Alizipokea, akasema "sawa maalim," akaenda zake darasani. Mlinzi ndiye aliyenivuta pembeni: yule bwana anakaa kisiwani, na siku maji yakipwa alfajiri mtumbwi hukwama, akateremka kwenye tope viatu mkononi. Na maji hayana saa moja, kila siku husogea kama dakika 50. Tukakaa naye na kalenda ya mwezi mwandamo, kama wavuvi. Siku zile mbaya tukampa vipindi kuanzia cha tatu, na mwalimu wa Dini akachukua cha kwanza. Ratiba ikawa na viraka, lakini watoto wakapata mwalimu. Zile barua nilizitoa kwenye faili lake mbele yake. Niliona haya, sikufichi.

Baada ya hapo nikaanza kuingia madarasani. Mwanzo walidhani natafuta makosa, mmoja akanikimbilia kunifutia kiti. Nikakaa nyuma kabisa bila ya kalamu (kalamu inawatisha).

Darasa la tano, somo la sehemu, yaani nusu na robo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ndiyo iliyoleta Kiingereza kwenye Hisabati na Sayansi kuanzia darasa hilo, na mwalimu alikuwa akijitahidi kweli. Aliandika ½ + ¼ ubaoni, akauliza kwa Kiingereza. Kimya. Akauliza tena, sauti juu. Mtoto aliyekuwa ubavuni mwangu akamnong'oneza mwenzake: "Si vibaba vitatu hivyo?" Msimu wa karafuu bibi yake huenda naye shambani, na wachumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha vibaba vinne. Nusu pishi ni vibaba viwili, robo ni kimoja. Jawabu analo, ila hakujua kama ndilo lililoulizwa.

Sikumsema mwalimu. Jioni nilimhadithia tu, akacheka, kesho yake akaja na kibaba. Tukakubaliana watoto wabishane kwanza kwa Kiswahili, kisha waandike kwa Kiingereza, maneno matano au sita ya siku ile yakiwa pembeni mwa ubao. Walimu wengine wakawa wanakwenda kumtazama akisomesha. Kwangu mimi semina ile ya bure ilizidi nyingi nilizokwenda nikapewa bahasha ya posho. Ila usiwalazimishe kutazamana. Anza na yule anayependwa na wenzake, hata kama si bingwa.

Mkondo wa mchana usiuache kwa msaidizi. Watoto wale wengi asubuhi wameshakwenda chuoni kusoma Kurani, wanaingia na jua la saa saba, na chati walizobandika wenzao wa asubuhi wameambiwa wasiziguse. Mimi nikigawa wiki: siku tatu naingia asubuhi, mbili nabaki mpaka jioni. Skuli za ghorofa zinazojengwa siku hizi zinapunguza mikondo, Mungu azidishe, lakini yako bado haijafikiwa na watoto hawangoji.

Kamati ya skuli ipigie hodi mapema, hasa karafuu zikikaribia. Usimwambie mzazi mtoto asiende shambani kabisa, atakuitikia na hutamuona mtoto. Sisi tulimuomba sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, atusemee jambo moja tu: mtoto achume baada ya skuli na siku za mapumziko. Wengi walikubali, si wote. Yule wa vibaba alikosa siku nne msimu ule, na aliporudi alikuja na pishi ya bibi yake, akaiweka juu ya meza ya mwalimu.