Usichapishe hiyo hojaji, tafadhali soma hapa kwanza

Ngoja. Umeuliza matawi ya anthropolojia, yaani somo la binadamu na jamii zake, ni yapi, na kama wiki mbili zinatosha kukusanya data ya mradi wako wa chuo kwa nyanya yako Alego, huko Siaya, ukiwa na hojaji yako ya maswali 40. Hilo la mwisho ndilo limenikosesha usingizi, maana nililifanya mimi na likanila mwaka mzima.

Matawi, haraka: kwa mtindo wa Marekani, uliokuzwa na Franz Boas, ni manne. Ya utamaduni (Waingereza huiita ya kijamii), ya kibiolojia, akiolojia (kuchimba mabaki ya watu wa kale) na ya lugha. Wewe uko Nakuru, panda Hyrax Hill ujionee akiolojia. Mary Leakey alichimba pale kuanzia 1937. Ndiye pia aliyepata fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale sana, kisiwani Rusinga mwaka 1948, na hiyo sasa ni ya kibiolojia. Basi.

Turudi kwa hojaji. Mimi nimelelewa Nakuru kama wewe, Dholuo yangu, lugha ya Wajaluo, ni ya kuombea maji. Mwaka wa nne kuna jamaa alikuwa akisaidia wanafunzi kwa malipo. Akaniambia anthropolojia ni hojaji na kompyuta, mengine ni hadithi za wazee. Nikamlipa, akaniandikia, nikatoa kopi 120, nikapanda matatu hadi Bondo. Swali la 3: "Mnaishi watu wangapi katika nyumba hii?"

Kuna mama nilimkuta akigeuza omena juani. Akasimama, akaniangalia, akauliza, "Nyumba gani, mwanangu? Hii yangu ama boma lote?" Nikamjibu, "Yoyote tu, mama." Akasema wanne. Jioni nikampata mumewe njiani, naye akasema 19. Nikaziandika zote mbili kama kaya mbili tofauti!

Kwa Dholuo, ot ni nyumba, ya mke mmoja na watoto wake. Dala ni boma zima: nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ya nyachira wa pili, na simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, karibu na lango. Wanawake walinihesabia ot, wanaume dala, na mimi nikajumlisha. Kuna watoto niliowahesabu mara tatu. Swali la ndugu nalo likaharibika vivyo hivyo, kwa sababu mtoto wa baba mdogo huyo ni ndugu yako, hakuna cha binamu. Mwanaanthropolojia Mmarekani Lewis Henry Morgan alishaandika kuhusu ujamaa wa namna hii mwaka 1871, na tulisomeshwa mwaka wa kwanza kabisa. Nilijibu mtihani, nikapita, nikaenda Bondo kama mtu ambaye hajawahi kusikia.

Msimamizi wa mradi wangu chuoni alisoma kurasa sita, akafunga. Karo ya kurudia ilitoka kwa ng'ombe wa maziwa wa mama, na alikuwa naye mmoja tu. Nilipompigia yule jamaa akaniambia eti data husafishwa. Husafishwa kwa sabuni gani? Utasafishaje jibu la swali ambalo wewe uliyeuliza hukujua unauliza nini? Bado yuko, bado anachukua pesa za watoto wa watu, na hayo maswali yako 40 yananuka mkono wa mtu kama yeye.

Kaa kwanza, uliza baadaye. Mwanaanthropolojia Malinowski alipiga hema katikati ya kijiji huko visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, akajifunza Kikilivila, lugha ya wenyeji, akakaa karibu miaka miwili kwa jumla. Wewe umesema likizo ni wiki kumi. Tatu za kwanza usiulize swali lolote la karatasi. Chota maji, nenda matanga, andika kila neno wanalotumia kwa nyumba, kwa mlango, kwa ndugu.

Niliporudi Bondo nilikaa wiki tano bila fomu. Nilianika omena na yule mama mpaka siku moja akachukua kijiti, akanichorea dala lake mchangani, nani alijengewa kwanza na nani akafuata. Kwenye mchoro huo ndiko yalikotoka maswali yangu 11, yote kwa Dholuo.

Nyanya yako umesema bado ana nguvu. Hiyo pesa ya kopi nunua sukari na daftari, umpelekee, umwombe akuchoree boma lake nyumba kwa nyumba. Kisha rudi hapa unitajie maswali mangapi kati ya yale 40 bado yanasimama.